Treni ya Kifahari, Reli ya Mwingine

Kila treni ya Rovos Rail, kampuni ya treni za kifahari ya Afrika Kusini, inapofika Dar es Salaam kutoka Cape Town na picha zake kusambaa kwenye simu, watu wa Nakuru na Kisumu huuliza swali lilelile: mbona haiji huku kwetu? Stesheni zipo, maziwa yapo, na reli inayopanda Mau kisha kuteremka hadi gatini Kisumu ina mandhari ya kumfanya mtu akeshe dirishani. Jibu fupi ni milimita 67. Reli za Afrika Kusini na ya TAZARA, ile ya Tanzania hadi Zambia, zina upana wa milimita 1,067 kutoka chuma hadi chuma. Reli yetu ya zamani ina 1,000. Magurudumu ya Rovos hayakai juu yake.

Jibu refu linadai tujue kwanza hizi kampuni hufanya biashara gani. Wengi hudhani ni biashara ya mabehewa yenye mahameli, taa za shaba na glasi za divai. Mabehewa hununuliwa, hukarabatiwa, hata huokotwa kwenye mnada wa vyuma chakavu. Kinachosumbua ni kwamba kampuni ya treni ya kifahari, tangu ile ya kwanza kabisa, huuza safari juu ya reli isiyo yake, mara nyingi ikivutwa na injini isiyo yake, kwa ratiba inayopangwa na mtu mwingine. Ukiliweka hilo akilini, historia yake yote inafunguka: wapi ilistawi, kwa nini ilianguka, na kwa nini ilifufuka Afrika Kusini wala si Bonde la Ufa.

Mbelgiji na nyongeza ya kitanda

Georges Nagelmackers alizaliwa Liège, Ubelgiji, katika ukoo wa wenye benki. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alizuru Marekani akakuta mabehewa ya kulala ya George Pullman, ambaye kampuni yake, Pullman Palace Car Company, iliandikishwa mwaka 1867. Aliporudi Ulaya alikuta shida ambayo Pullman hakuwa nayo. Treni ya Marekani ilisafiri siku nzima bila kukutana na afisa wa forodha. Huku Ulaya, kila dola ilikuwa na reli yake, nauli yake, kanuni zake za breki na masaa yake. Abiria wa masafa marefu aliamshwa mpakani usiku, akafungua masanduku yakaguliwe, kisha akahamia treni nyingine.

Alianza mwaka 1872, mtaji ukamwelemea, akashirikiana kwa muda na Mmarekani aitwaye Kanali William d'Alton Mann, na mwaka 1876 akaunda Compagnie Internationale des Wagons-Lits. Hekima yake ilikuwa katika mkataba. Kampuni ilileta behewa, vitanda, mashuka na mhudumu. Shirika la reli lilitoa njia, injini na dereva. Abiria alinunua tiketi ya daraja la kwanza, na pesa hizo zikaenda kwa reli; kisha akalipa nyongeza ya kitanda, na hiyo ndiyo iliyokuwa riziki ya kampuni. Shirika la reli lilijipatia behewa zuri bila kutoa senti ya kulinunua, na bado likauza tiketi zake. Kampuni nayo ilipata mtandao wa bara zima bila kutandika taruma hata moja. Ilikuwa kama mpangaji aliyeipaka nyumba ya mwenyewe rangi ya dhahabu: wote wanafurahi hadi siku ya kuhuisha mkataba.

Udhaifu ulikuwa palepale penye nguvu. Treni moja ya kuvuka nchi sita ilihitaji mikataba sita au zaidi, na mmoja akikataa mnyororo unakatika. Reli za dola ya Prussia, kwa mfano, ziliona faida ile zikaamua kuendesha mabehewa yao zenyewe ya kulala.

Treni iliyompa Nagelmackers jina, Orient Express, iliondoka Paris tarehe 4 Oktoba 1883. Watu hudhani ilikwenda moja kwa moja hadi Constantinople, Istanbul ya leo. Haikuwa hivyo. Reli ilikuwa haijaungana, kwa hiyo abiria walishuka Giurgiu, Romania, wakavuka mto Danube kwa chombo hadi Ruse, wakapanda treni nyingine hadi Varna kwenye Bahari Nyeusi, na kumalizia kwa meli. Njia ya reli tupu ilikamilika mwaka 1889. Yaani kwa karibu miaka sita treni mashuhuri kuliko zote duniani ilikuwa na pengo katikati, na bado tiketi ziliuzwa. Hili wapangaji wa utalii wa Kisumu wanapaswa kulitazama kwa makini kuliko ule urembo wa mabehewa: pengo likipangwa vizuri huwa sehemu ya safari.

Vitu viwili vya kiufundi viliitofautisha. Cha kwanza ni bogi. Behewa la zamani lilikuwa na ekseli mbili au tatu zilizofungwa moja kwa moja kwenye fremu, na kila kiungio cha reli kiligonga hadi kwenye mto wa abiria. Bogi ni kigari kidogo chenye ekseli mbili na springi zake, kinachozunguka kwenye pini chini ya kila ncha ya behewa. Behewa refu linapinda kona bila kukwaruza, na mtikisiko unafika juu ukiwa umechujwa mara mbili. Cha pili ni behewa la chakula. Kabla yake, treni zilisimama stesheni ili abiria washuke wale mbio mbio. Reli ya Uganda, hii yetu, ilifanya vivyo hivyo miaka yake ya mwanzo: abiria wa Mombasa alishuka Voi akala kwenye banda la wasafiri kando ya stesheni, kisha akapanda tena.

Behewa la chakula huondoa visimamo hivyo, lakini lina gharama ambayo wageni katika biashara hii huisahau. Ni makumi ya tani yasiyo na kitanda hata kimoja cha kuuza. Jiko, kuni au gesi, maji, akiba ya vyakula na wapishi, vyote huvutwa na injini ileile. Ndiyo maana treni ya kifahari huonekana ndefu mno kwa idadi ya watu wake.

Jinsi ilivyoanguka

Wagons-Lits ilipanuka hadi hoteli. Mwaka 1894 iliunda kampuni tanzu ya hoteli kubwa, na Pera Palace ya Istanbul ilipokea abiria waliotoka kwenye treni yake. Kisha vita vikaonyesha maana ya kukosa reli ya kwako. Mali iliyo juu ya magurudumu hukaa mahali ilipokutwa: mapinduzi ya Urusi yaliteka mabehewa yaliyokuwa upande ule, na Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza iliunda Mitropa kuchukua nafasi ya Wagons-Lits katika Ulaya ya kati. Behewa namba 2419 la kampuni hiyo lilitumika kutia sahihi usitishaji wa vita msituni Compiègne tarehe 11 Novemba 1918, na Hitler akalirudisha mahali palepale Juni 1940 ili Ufaransa isalimu amri ndani yake.

Baada ya 1945 pigo lilitoka angani. Ndege ilimfikisha tajiri Istanbul kwa saa chache, na waliobaki kwenye treni walikuwa wafanyakazi wahamiaji na wanafunzi, ambao hawakuhitaji divai. Mashirika ya reli ya dola yaliona hayana haja tena ya mpangaji. Mwaka 1967 kampuni iliongeza neno la utalii kwenye jina lake, na kuanzia 1971 mabehewa yake ya kulala yalihamishiwa mashirika ya reli yenyewe, kwa kuuzwa au kukodishwa. Safari ya mwisho ya moja kwa moja kutoka Paris hadi Istanbul ilikuwa Mei 1977. Kampuni iliyobaki ilichukuliwa na Accor, ya hoteli, mwaka 1991.

Kutoka usafiri hadi utalii

Oktoba 1977 mabehewa kadhaa ya zamani yalipigwa mnada Monte Carlo. James Sherwood, Mmarekani mwenye kampuni ya makontena iitwayo Sea Containers, alinunua mawili. Aliendelea kuyatafuta mengine kote Ulaya, mengine yakiwa yamegeuzwa mabanda. Hesabu inayotajwa ni mabehewa 35 kwa dola milioni 16. Tarehe 25 Mei 1982 Venice Simplon-Orient-Express, kwa kifupi VSOE, iliondoka London kwenda Venice.

Sherwood aligeuza kitu kimoja tu, lakini kikageuza kila kitu. Nagelmackers aliuza kufika. Starehe ilikuwa nyongeza. Sherwood aliuza starehe. Kufika kukawa kisingizio. Treni inayouza kufika hushindwa na ndege. Treni inayouza usiku ndani ya behewa haishindani na ndege hata kidogo, inashindana na hoteli, na bei yake inaweza kupanda kama ya hoteli. Ndiyo sababu VSOE iliendelea kutumia majiko ya makaa kupasha joto maji na mabehewa, na vyumba vyake vya kale havina bafu la kuogea, na bado wateja wanapanga foleni.

Hapa majina huwachanganya watu, hata waandishi wa habari. Treni ya Sherwood inaendeshwa na kampuni iliyoitwa Orient-Express Hotels, ikajibadilisha jina kuwa Belmond mwaka 2014, na mwaka 2019 ikanunuliwa na LVMH ya Ufaransa. Jina lenyewe “Orient Express” lilibaki kwa reli ya taifa ya Ufaransa, SNCF, iliyolikodisha. Accor ilinunua nusu yake mwaka 2017 na kisha yote. Kwa hiyo mwenye mabehewa ya VSOE na mwenye jina ni kampuni mbili, zilizokuja kuingia ubia mwaka 2024, na ile treni ya Italia iitwayo La Dolce Vita Orient Express ni mradi mwingine kabisa. Kwa msafiri tofauti ni ya vitendo: tiketi ya moja haiingii nyingine, na mabehewa ya moja si ya umri wa nyingine.

Na mpaka haujaacha kuwa mpaka. Belmond ilitangaza kuondoa kipande cha Uingereza kwenye safari za VSOE kuanzia 2023, kwa kuwa ukaguzi wa paspoti baada ya Brexit ungechelewesha treni. Shida iliyomwamsha abiria wa 1870 usiku wa manane ilirudi na mihuri mipya.

Rovos: kazi iliyoanzia kwenye bili

Rohan Vos alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari Afrika Kusini. Alinunua mabehewa ya zamani akitaka treni ya familia yake. Shirika la reli lilipompigia hesabu ya kuivuta, ilionekana wazi kwamba ingekuwa nafuu kwake akiuza tiketi. Hivyo kampuni ilizaliwa kutokana na bei ya kupita kwenye reli ya mwingine. Safari ya kwanza ilikuwa Aprili 1989, na mwaka 1993 treni zake zilianza kufika Dar es Salaam kupitia Zimbabwe, Zambia na TAZARA.

Jambo la kujifunza kwa Vos ni uvumilivu wake wa kuchukua mzigo wa mwenye reli. Makao yake yako Capital Park, Pretoria, kwenye karakana ya zamani ya reli, na humo mabehewa hukarabatiwa, bogi hupakuliwa, injini hutunzwa. Treni moja hubeba wageni 72 tu. Chumba cha kawaida kina mita za mraba 7, cha kati 10 au 11, na kikubwa 16, yaani nusu ya behewa zima, chenye beseni la kuogea. Mwendo hauzidi kilomita 60 kwa saa, na hilo si la urembo tu: kwenye reli chakavu mwendo mdogo huokoa vyombo mezani na springi chini.

Mkondo wa Rovos unaeleza ramani yetu. Mwaka 2019 ilianzisha safari ya Dar es Salaam hadi Lobito, Angola, ikikatiza Zambia na Kongo. Iweje iweze kuvuka bara zima na ishindwe kuja Nakuru? Kwa sababu kutoka Dar hadi Lobito upana ni uleule, 1,067. Kutoka Dar kuja kwetu kuna upana wa mita: Ruvu, Mnyusi, Korogwe, Kahe, Taveta, Voi, kisha Nairobi na Nakuru. Njia hiyo kwenye karatasi ipo, lakini kipande cha Voi hadi Taveta hakijapitisha treni ya kawaida kwa miaka mingi.

Je, milimita 67 ni ukuta? La. New Zealand ilikuwa na treni ya usiku iitwayo Silver Star, mabehewa ya Kijapani ya 1971 yenye upana wa 1,067, iliyoacha kazi mwaka 1979. Kampuni ya Sherwood iliyanunua, ikayapunguza upana hadi milimita 1,000, na mwaka 1993 yakaanza kazi kama Eastern & Oriental Express kati ya Singapore na Bangkok. India nayo ilianzisha Palace on Wheels Januari 1982 juu ya reli ya mita, ikaja kutengenezewa mabehewa mapya katikati ya miaka ya 1990 kwa sababu mwenye reli alipanua njia hadi milimita 1,676. Upande huo wa hadithi nao utazamwe: reli ikibadilishwa upana, treni yako nzuri inakuwa mapambo ya uani.

Kubadilisha upana si kazi ya kubishana sana. Behewa huinuliwa kwa jeki nne, moja kila pembe, baada ya kufungua fito za breki, mabomba ya hewa na waya wa ardhi. Bogi inasukumwa nje, nyingine inaingia, pini ya katikati inakaa kwenye kikombe chake. Kinachokwamisha ni vitu vidogo: bogi nyembamba hupunguza nafasi ya vifaa vya breki, kimo cha kiunganishi hakilingani na cha injini ya wenyeji, na upana wa mwili wa behewa unaweza kugusa kingo za jukwaa au ukuta wa korongo lililochongwa mwaka 1901.

Reli yetu ilivyokuwa kampuni ya utalii

Ni vizuri kukumbuka kwamba mstari wa Nakuru hadi Kisumu ulianza kuuza utalii mapema mno. Chuma kilifika Port Florence, ndiyo Kisumu, Desemba 1901, na Reli ya Uganda ilikuwa na meli zake ziwani: William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill. Tiketi moja ilimtoa mtu Mombasa hadi Entebbe. Mwaka 1908 bango la reli hiyo liliwaalika makabaila wa Uingereza waje nyanda za juu kukimbia baridi. Churchill alipita mwaka 1907, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa amekaa kwenye benchi mbele ya injini ili aone wanyama, alifika Kisumu Desemba 1909 akavuka ziwa.

Mwenye reli ndiye aliyekuwa mwenye hoteli, meli na mabehewa, kwa hiyo mkataba haukuhitajika. Lakini mwenye reli alihama. Reli ya Eldoret ilifika Kampala mwaka 1931 kupitia Timboroa, mzigo wa Uganda ukaiacha Kisumu pembeni, na mstari mkuu wa jana ukawa tawi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 shirika la reli liligawanywa, na mabehewa pamoja nalo. Mwaka 2006 Rift Valley Railways ilikabidhiwa uendeshaji. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Mwaka huohuo SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza na treni ya usiku ya reli ya zamani, ile ya kengele ya chakula na vitanda vya kukunja, ikasimama. Treni ya abiria ilirudi Kisumu Desemba 2021 baada ya njia kukarabatiwa. Mwekezaji yeyote aliyeleta mabehewa ya kifahari katikati ya miaka hiyo angekuwa amebadilishiwa mwenye nyumba mara kadhaa.

Hesabu ya Mau

Sasa tuchukue treni ya kufikirika ya tani 500: mabehewa 12, wageni 40, wafanyakazi 25. Kutoka Nakuru ni kilomita 217 hadi Kisumu. Mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa unatoa saa tano na nusu, ukiacha visimamo, na hiyo ni bahati, kwa sababu mandhari ya Londiani, Kipkelion na Fort Ternan hayauziki gizani. Ondoka saa mbili asubuhi, fika alasiri.

Kupanda. Kwenye mwinuko wa mita 2 kwa kila 100, kila tani 100 za treni zinadai tani 2 za nguvu ya kuvuta. Tani 500 ni tani 10. Ongeza msuguano na kona, fika 12 au 13. Injini ya dizeli ya tani 100 reli ikiwa kavu hushika kwa robo hivi ya uzito wake, yaani tani 25, kwa hiyo inatosha. Asubuhi yenye umande na majani kwenye chuma, mshiko unaweza kushuka hadi 15. Bado inatosha, lakini kwa kunyata. Hapo ndipo sanduku la mchanga wa injini linapookoa safari, na mchanga wenyewe lazima uwe mkavu. Ukilowa hushikana mdomoni mwa bomba na dereva anabaki akizungusha magurudumu mahali pamoja, akila chuma.

Kuteremka ndiko kwenye hatari. Kutoka Mau Summit, karibu mita 2,530 juu ya bahari, hadi Kisumu, karibu mita 1,140, treni inashuka mita 1,400 hivi ndani ya kilomita zisizozidi 170. Tani 500 zikishuka kimo hicho zinaachilia nishati ya uniti 1,900 hivi za stima, na sehemu kubwa yake inapaswa kumezwa na breki. Dereva mzuri hutumia breki ya mota, ambapo mota za injini huzungushwa na magurudumu zikawa jenereta na joto likatolewa juu ya paa. Breki ya hewa ni ya kusaidia na kusimamisha. Kosa la kawaida ni kuikamata na kuiachia mara kwa mara: kila kukamata hutumia hewa ya matangi ya mabehewa, na bomba lisipopewa muda wa kujaa tena, mara ya nne au ya tano breki inashika nusu. Kabla ya kuanza kuteremka, treni isimame, bomba lijazwe hadi bar 5, dereva ashushe shinikizo, fundi atembee hadi behewa la mwisho akiangalia kila pabano limeshika, kisha aangalie yote yameachia. Hilo la mwisho hupuuzwa. Breki moja isiyoachia huchemsha gurudumu hadi likapasuka.

Kubadilisha injini ni hatari nyingine. Aprili 2010, Rovos ilikuwa ikibadilishiwa injini ya umeme kwa ya mvuke huko Centurion, karibu na Pretoria, mabehewa yakaserereka bila injini na kuanguka karibu na stesheni ya Pretoria. Watu walikufa. Breki ya hewa au ya ombwe ikiachwa peke yake huvuja. Inashika sasa, baada ya muda inalegea. Kwa hiyo breki za mkono hukazwa na kabari huwekwa kabla ya mtu kugusa kiunganishi. Nakuru, ambako mistari ya Kisumu na Eldoret inaachana na injini hubadilishwa, hili si la kusomwa kitabuni tu.

Mengine ni ya hoteli. Kila mtu lita 80 za maji kwa siku ni lita 5,200 kwa watu 65. Zijazwe Nakuru na Kisumu kwa pampu iliyoandaliwa. Choo cha kumwaga relini hakifai treni inayolala stesheni, hivyo kila behewa linahitaji tangi la uchafu na lori la kunyonya. Stima ya kilowati 20 kwa behewa ni 240, yaani behewa la jenereta, na hilo liwekwe mbali na vyumba vya bei ghali. Treni ya mabehewa 12 ya mita 20 na injini yake inakaribia mita 260: kila stesheni ya kupishania ipimwe kama inaimeza yote, la sivyo treni ya mizigo ndiyo itakayopewa njia na wageni wasubiri.

Pesa ndiyo huamua. Tuseme gharama zisizobadilika, yaani mishahara, bima, karakana na ada ya reli, ni Sh120 milioni kwa mwaka. Safari 30 zenye wageni 40 ni wageni 1,200, yaani Sh100,000 kwa kichwa kabla ya hata yai moja kukaangwa. Safari zikipungua hadi 20 kwa sababu ya maporomoko ya udongo au injini kukosekana, inakuwa Sh150,000. Mkataba na mwenye reli kwa hiyo uandike injini ngapi zimetengwa, nani analipa treni ikikwama, na miaka mingapi kabla ya upana au ada kubadilishwa. Kisha uende kuchagua rangi ya mapazia.

Kuna uwezekano mmoja unaostahili kupimwa, nao uko gatini. Meli za mabehewa za miaka ya 1960, Uhuru na mwenzake, zina reli sitahani, na Mwanza upande wa pili ina reli ya mita kama yetu. Kwenye karatasi, behewa la Nakuru linaweza kuvuka ziwa na kuendelea hadi Tabora bila kubadilisha bogi. Wageni wavuke kwa chombo kingine, maana sitaha ya mabehewa si mahali pa kulala. Ila mabehewa ya mizigo ni mafupi, na behewa la kulala la mita 20 likipita kwenye daraja la kupakilia, kina cha ziwa kikiwa juu au chini ya kawaida, tumbo lake linaweza kugusa kwenye mkunjo wa daraja, au ncha zake kupishana kimo na la jirani hadi viunganishi vikafungamana. Pembe ya daraja hilo ipimwe ziwa likiwa limejaa na likiwa limepungua, behewa moja tupu lipitishwe polepole, na mafundi wawili walale chini wakiangalia nafasi kati ya fremu na chuma.